Mashauri ya Lusaka: Wapatanishi Kabla ya Meza ya London

Tarehe 31 Julai 1979, siku moja kabla ya wakuu wa Jumuiya ya Madola kuketi katika Ukumbi wa Mulungushi mjini Lusaka, serikali ya Nigeria ilitangaza kwamba imezitaifisha mali za kampuni ya mafuta ya BP zilizokuwamo nchini mwake. Sababu iliyotajwa hadharani ilihusu mafuta yaliyokuwa yakipatiwa njia ya kufika Afrika Kusini, na sababu hiyo haikuwa ya kubuni. Walakini hapana balozi hata mmoja katika Lusaka aliyeshindwa kuitambua maana ya saa iliyochaguliwa. Bibi Margaret Thatcher, ambaye hakuwa ametimiza miezi mitatu katika uwaziri mkuu wa Uingereza, alikwisha kusema huko Canberra, mwanzoni mwa mwezi ule ule, kwamba haelekei kuona Bunge lake likiviongezea muda vikwazo vya Rhodesia vitakapokwisha Novemba, na Afrika iliyapokea maneno hayo kama dalili kwamba London inajiandaa kuutambua utawala wa Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia. Nigeria, ambayo ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya bidhaa za Kiingereza barani, ilimjibu kabla hajakaa kitini.

Wengi wetu tunapousimulia uhuru wa Zimbabwe huanzia Lancaster House, katika jumba lile la fahari la London ambamo wajumbe waliingia tarehe 10 Septemba 1979 na kumaliza mashauri yao katikati ya Desemba. Mimi naona kwamba anayeanzia hapo ameikosa nusu ya habari, na pengine nusu iliyo bora. Mkutano ule uliwezekana kwa kuwa nchi zilizojitwika kazi ya upatanishi zilikwisha kukubaliana, kwa hila njema na kwa mashinikizo yasiyofichwa, juu ya nani mwenye haki ya kuuita, na kwa hiyo nani atakayebeba fedheha ukivunjika. Tena nchi hizo hazikuwa makadhi waliotoka mbali wasio na hasara katika shauri: zilikuwa zimekwisha kuzika watu wao kwa ajili ya vita ile, zimefunga mipaka yao, na hazina zao zilikuwa hoi.

Ili msomaji aione hali ilivyokuwa, yafaa akumbuke kwamba walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965 bila idhini ya Uingereza, na kwamba miaka iliyofuata ilijaa majaribio ya sulhu yaliyoishia patupu. Smith alipoona vita vinamzidi, alifanya mapatano ya ndani tarehe 3 Machi 1978 na Askofu Abel Muzorewa, Mchungaji Ndabaningi Sithole na Chifu Jeremiah Chirau. Uchaguzi ukafanyika Aprili 1979, na Askofu akawa waziri mkuu wa nchi iliyopewa jina la Zimbabwe-Rhodesia. Kwa sura ya nje Mwafrika alikuwa ametawala. Lakini katika viti 100 vya bunge, wazungu, waliokuwa sehemu ndogo sana ya watu, walitengewa 28, na katiba ikataka kura 78 ili kubadili vifungu vyake vikuu, yaani pasipo ridhaa yao hapana lililoweza kubadilika. Na uteuzi katika jeshi, polisi, mahakama na utumishi wa serikali uliwekwa chini ya tume ambazo zilihakikisha kwamba walioamuru jana wataamuru na kesho. Wapiganaji wa Joshua Nkomo na Robert Mugabe, walioungana kwa jina la Patriotic Front, hawakuwamo katika mapatano hayo, na vita havikupungua hata siku moja.

Hata hivyo katika chama cha Wahafidhina cha Uingereza walikuwako wengi waliochoka na shauri hili na kutaka kulifunga. Lord Boyd, aliyetumwa na chama hicho kuutazama uchaguzi, alirudi na taarifa kwamba ulikuwa wa huru na haki. Huko Washington Rais Jimmy Carter alikataa, mwezi wa Juni, kuviondoa vikwazo, ingawa Baraza la Seneti lilimsonga. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokutana Monrovia mwezi wa Julai, uliwatambua Patriotic Front kuwa ndio wasemaji halali wa watu wa Zimbabwe. Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Lord Carrington, alimtuma Lord Harlech kuzunguka miji mikuu ya Afrika kupima hewa, na mjumbe huyo akakuta kwamba Mwafrika aliye tayari kumtambua Askofu kama alivyo hapatikani kwa urahisi.

Kuna majaribio mawili ya nyuma ambayo lazima niyaeleze kwa kituo, maana hekima ya Lusaka ilizaliwa humo. La kwanza ni la daraja la Maporomoko ya Victoria. Mwezi wa Agosti 1975 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia na Waziri Mkuu John Vorster wa Afrika Kusini, wapatanishi wawili ambao hakuna aliyetazamia kuwaona bega kwa bega, waliwakutanisha Smith na viongozi wa Kiafrika ndani ya behewa la treni lililosimamishwa juu ya daraja, kwa kipimo kiasi kwamba ujumbe wa Smith ulikaa upande wa Rhodesia na wenzao wakakaa upande wa Zambia, wala hapana aliyelazimika kuingia katika nchi ya mwingine. Ustadi wote ule wa kupanga viti haukufaa kitu. Mashauri yalivunjika kwa swali la kama viongozi waliokuwa uhamishoni wangeruhusiwa kurudi nyumbani bila kukamatwa, jambo ambalo wapatanishi walipaswa kulitatua kabla ya kulivuta behewa hadi pale. Kila mmoja wao alikuwa na haraka yake. Vorster alitaka kuonyesha ulimwengu kwamba Pretoria yaweza kuwa jirani mwema. Kaunda alitaka njia za reli zifunguke na nchi yake ipumue.

La pili ni la mwaka uliofuata, na lilikuwa baya zaidi. Dk. Henry Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alifika Dar es Salaam na Lusaka Septemba 1976, kisha akaenda Pretoria alikoonana na Smith. Na tarehe 24 ya mwezi huo Smith akautangazia ulimwengu kwamba ameukubali utawala wa walio wengi katika muda wa miaka miwili. Ndani ya tangazo hilo mlikuwa na sharti kwamba katika kipindi cha mpito wizara ya ulinzi na wizara ya sheria na usalama zitabaki mikononi mwa wazungu, naye Smith alilieleza kana kwamba yote yamekwisha kukubaliwa. Marais wa Nchi za Mstari wa Mbele, yaani Tanzania, Zambia, Msumbiji, Botswana na Angola, walikutana Lusaka siku mbili baadaye wakakana. Basi wajumbe walipokusanyika Geneva tarehe 28 Oktoba, chini ya uenyekiti wa Ivor Richard, balozi wa Uingereza katika Umoja wa Mataifa, kila upande ulikuwa umekuja katika mkutano wake: Smith kutekeleza mapatano yaliyokwisha kufungwa, na Nkomo na Mugabe kujadili mapatano ambayo hayajaanza. Majuma yakaliwa na mabishano juu ya tarehe ya uhuru, na tarehe 14 Desemba mkutano ukaahirishwa, wala haukurudiwa tena.

Msomaji anayefuatilia mambo ya Kongo ya mashariki siku hizi, ambayo yamepelekwa Luanda na Nairobi, yakaletwa Dar es Salaam mbele ya kikao cha pamoja cha jumuiya mbili Februari 2025, kisha yakafika Doha na Washington, hatashangaa kusikia kwamba wapatanishi wakizidi, mgomvi hupata nafasi ya kuchagua sikio la kunong'oneza. Smith aliijua nafasi hiyo na kuitumia kwa miaka kumi na minne.

Sasa tuzitazame hali za wapatanishi wenyewe walipokaribia Lusaka. Zambia ilikuwa taabani. Tangu mpaka wake wa kusini ufungwe mwaka 1973, shaba yake ilitegemea njia za mbali na zenye msongamano. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na ahadi kubwa kuliko injini zake, haikuweza peke yake kuchukua mzigo wote. Na Oktoba 1978 Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya kusini kwa ajili ya mbolea na biashara, jambo lililowauma Mwalimu Nyerere wa Tanzania na Rais Samora Machel wa Msumbiji. Ndege za Rhodesia zilikuwa zikishambulia makambi ya Nkomo ndani ya Zambia karibu zipendavyo. Msumbiji, iliyofunga mpaka wake na Rhodesia Machi 1976, miezi michache tu baada ya uhuru wake, ilikuwa imepoteza mapato ya bandari ya Beira na kupata badala yake mashambulio ya Rhodesia huko Nyadzonya na Chimoio, ambako mamia ya watu, na wakimbizi miongoni mwao, waliuawa. Botswana ilikuwa ikipokea wakimbizi wasiokwisha, na Angola ilikuwa na vita vyake yenyewe.

Tanzania ilikuwa mbali na risasi za Rhodesia, lakini haikuwa mbali na gharama. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu 1963, na Katibu Mtendaji wake wakati huo, Hashim Mbita, alizijua kambi za wapiganaji kama mkulima ajuavyo mashamba yake. Vijana wa ZANLA, jeshi la upande wa Mugabe, walifundishwa Mgagao, mkoani Iringa. Juu ya hayo, jeshi letu lilikuwa limetoka kumfukuza Idi Amin, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na nchi ikabaki na ushindi mkononi na hazina tupu. Huko Monrovia wako viongozi wa Afrika waliomlaumu Mwalimu kwa vita hiyo. Huyo ndiye mwenyekiti wa Nchi za Mstari wa Mbele aliyekwenda Lusaka: mtu asiyeweza kutishia kwa mali, ambaye dhamana yake pekee ilikuwa neno lake. Na neno hilo lilikuwa na uzito katika masikio ya Waingereza, maana Desemba 1965 aliuvunja ubalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia hiyo hiyo, akaupoteza mkopo wa pauni 7,500,000, wala hakuomba kufidiwa.

Malkia Elizabeth alikuwa amekwisha kutangulia. Mwezi ule wa Julai alizizuru Tanzania, Malawi na Botswana, kisha akaingia Zambia, ijapokuwa London palikuwa na manung'uniko mengi juu ya usalama wake katika nchi iliyojaa wapiganaji. Nkomo akatangaza kwamba silaha zake zitanyamaza muda wote wa ziara. Hayo yalipoza nyoyo. Lakini kazi yenyewe ilifanywa na watu wachache, na kwanza kabisa na Shridath Ramphal wa Guyana, Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola, ambaye kwa majuma mengi alikuwa akipeleka rai huku na huku bila kudai kuwa ni zake. Malcolm Fraser wa Australia alikuwa mhafidhina kama Bibi Thatcher, hivyo aliweza kumwambia maneno ambayo yangetoka kinywani mwa Mwafrika yangeonekana matusi. Na Michael Manley wa Jamaica alikuwa rafiki wa wapigania ukombozi, hivyo aliweza kuwaambia wao maneno ambayo yangetoka kwa Mwingereza yangeonekana mtego. Huo ndio uliokuwa mgawanyo wa kazi, na sioni mfano ulio bora kuliko huo wa nchi zisizo na askari hata mmoja vitani kuufanya umbali wao uwe na faida.

Ijumaa ya tarehe 3 Agosti Mwalimu alifungua mjadala wa Rhodesia. Wapo waliotazamia ngurumo. Badala yake alisema kwa upole, hakumshambulia Askofu kwa jina wala kumtusi mgeni wa kutoka London. Alieleza kwamba kinachokosekana ni katiba ya kidemokrasia na uchaguzi unaosimamiwa ipasavyo, akaonyesha kwamba viti vya kuwatuliza wazungu si haramu maadam havina nguvu ya kuufunga mkono utawala wa walio wengi, na kwamba mwenye madaraka ya kisheria ya kuyatenda haya ni Uingereza. Bibi Thatcher alifuata, akasema serikali yake inaukubali kikamilifu utawala wa walio wengi, na kwamba katiba ya Salisbury ina kasoro. Wasomaji wa siasa wanajua kwamba neno la pili ndilo lililokuwa la thamani. Hadi asubuhi ile hapakuwa na waziri mkuu Mhafidhina aliyelisema barazani.

Mwisho wa juma kamati ndogo ilijifungia: Nyerere, Kaunda, Fraser, Manley, Meja Jenerali Henry Adefope wa Nigeria, Thatcher akiwa na Carrington, na Ramphal. Waraka uliotoka humo ni mfupi, tena haukumpa yeyote kila alichokitaka. Uingereza ilikubali kuitisha mkutano wa katiba utakaozihusisha pande zote, na kuusimamia uchaguzi kwa mamlaka yake yenyewe mbele ya watazamaji wa Jumuiya ya Madola. Kwa upande wao, Waafrika walikubali kwamba Patriotic Front, waliokwisha kutambuliwa Monrovia kuwa ndio peke yao, sasa watakwenda kukaa meza moja na Muzorewa na kushindana naye kwa kura. Fraser, ambaye hakuwa na subira, aliwadokezea waandishi wa Australia Jumapili ya tarehe 5 kabla wakuu wote hawajauidhinisha waraka, na Bibi Thatcher alighadhibika sana. Ikabidi jambo lipitishwe haraka jioni ile ile, katika karamu ya nyama choma kwenye makazi ya balozi wa Australia. Yawezekana uvujaji ule uliufaa mkutano kuliko unavyosifiwa, kwa sababu London haikupata usiku wa kulala na kujuta.

Nyerere na wenzake walifanya jambo ambalo mtu mwenye kiburi hawezi kulifanya: walimpa mwenye nchi aliyekimbia wajibu wake kiti cha mbele, wakamwachia na sifa. Miaka kumi na minne Uingereza ilidai kwamba Rhodesia ni koloni lake na papo hapo ikakataa kubeba mzigo wa koloni. Geneva ilimleta mwenyekiti asiyekuwa na amri. Safari hii madaraka na lawama vilifungwa pamoja. Kama Lancaster House ingeanguka, ingeanguka mikononi mwa Carrington mbele ya Jumuiya nzima ya Madola, naye alilijua hilo, na ndiyo sababu aliuongoza mkutano kwa mkono mgumu mno, hatua kwa hatua, katiba kwanza, kisha mpito, mwisho kusimamisha vita, huku akitishia kwamba upande utakaotoka utaachwa nyuma.

Lakini mwaliko ulipotoka tarehe 14 Agosti, Nkomo na Mugabe hawakuwa na furaha. Vita vilikuwa vikiwaendea vizuri, hasa upande wa Mugabe, na mtu anayeona ushindi wa bunduki karibu hatamani kupanda ndege kwenda kusomewa katiba. Hapo wapatanishi waliugeuza uso wao kwa rafiki. Marais wa Mstari wa Mbele walionana na viongozi hao Havana, katika mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote mwanzoni mwa Septemba, wakawaambia bila kuficha kwamba lazima waende London, kwa kuwa Waingereza wamekubali yale ambayo Afrika iliyadai tangu 1965 na haiwezekani kuyakataa sasa. Machel alikuwa mkali kuliko wote, naye alikuwa na haki ya ukali, maana wapiganaji wa ZANLA walikuwa wakilala juu ya ardhi yake. Aliweka mjumbe wake kijana, Fernando Honwana, London muda wote wa mashauri. Na Desemba, Mugabe alipotaka kuukataa mpango wa kusimamisha vita, ujumbe wa Maputo ulikuwa kwamba Msumbiji haitaendelea kuwa kituo cha vita hivyo. Salisbury nayo ilikuwa ikiongeza shinikizo lake kwa moto: tarehe 12 Oktoba makomando wake walililipua daraja la Chambeshi katika reli ya TAZARA, na Zambia, yenye njaa ya mahindi, ikazidi kubanwa.

Nasema haya kwa heshima, lakini lazima yasemwe: walioumia zaidi kwa vita ndio waliokuwa na haraka zaidi ya kuimaliza, na haraka hiyo iliacha jambo moja chini ya meza. Waraka wa Lusaka hausemi chochote juu ya ardhi. Watu waliokuwa wakipigana vijijini walipigania mashamba yaliyonyang'anywa baba zao, na wapatanishi wote waliokaa katika kamati ile walilijua hilo, Mwalimu na Kaunda kabla ya wengine. Ila wangelitaja, Bibi Thatcher asingetia sahihi. Basi likaahirishwa hadi London, na huko mwezi wa Oktoba lilikaribia kuuvunja mkutano, Patriotic Front walipokataa kifungu kilichowataka wailinde mali ya walowezi kwa miaka kumi na kuilipia kila ardhi itakayochukuliwa. Ramphal ndiye aliyeokoa. Alimwendea kwa faragha Kingman Brewster, balozi wa Marekani mjini London, akapata kauli kwamba Marekani itashiriki pamoja na wengine kuchangia maendeleo ya ardhi na kilimo. Nkomo na Mugabe wakaitegemea kauli hiyo, na tarehe 18 Oktoba wakaikubali katiba. Mkataba wote ulitiwa sahihi tarehe 21 Desemba, uchaguzi ukafanyika mwishoni mwa Februari, chama cha Mugabe kikapata viti 57, cha Nkomo 20, na cha Askofu vitatu tu.

Kauli ya Brewster haikutaja kiasi cha fedha, wala muda, wala nani atakayedaiwa ikiwa hazikutolewa. Mwezi wa Novemba 1997 Clare Short, waziri wa Uingereza wa maendeleo ya kimataifa, aliiandikia serikali ya Zimbabwe kwamba nchi yake haikubali kuwa ina wajibu wa pekee wa kugharimia ununuzi wa ardhi. Mwalimu alikuwa hai bado, kadhalika Kaunda, Fraser na Ramphal. Lakini wadhamini hao wa Lusaka hawakuwa na hesabu ya kumkumbusha mdaiwa, kwa kuwa haikupata kuandikwa.